Mshipa wa Dhahabu Jikoni kwa Mama

Ngrrriiiii! Mpaka leo grainda ikilia mahali popote, hata kama ni mtu anakata chuma cha dirisha huko mbali, mimi nashtuka, natazama chini, na uso unaniwaka kama nimeinamia mvuke wa sufuria. Wenzangu pale saluni wananichekanga, wanadhani naogopa kelele. Si kelele. Ni aibu, na nimeibeba peke yangu vya kutosha, kwa sababu nani anataka kusimulia siku aliyowapaka kina mama wa kanisa dhahabu makalioni?

Mimi kazi yangu ni kucha. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo Mama alizikunja akazificha ndani ya Biblia, sehemu asiyosomanga, halafu nikaingia saluni mjini Kakamega, na huko nikajua Mungu hakuninyima kila kitu, maana mkono wangu ni mtulivu sana, naweza kukuchorea kipepeo kwenye kidole cha mwisho na miguu yake yote ikaonekana. Nikiwa sina mteja nakaa na simu naangalia majiko ya watu. Majiko tu! Majiko makubwa meupe, hakuna mtu anayepika, hakuna hata ganda la kitunguu, na mimi najiweka hapo ndani, nafungua kabati, nafunga kabati (naweza kumaliza saa nzima hivyo).

Mama anakaa kijijini kwetu, Malinya. Miaka yote amepikia jiko la nje, lile la udongo, mafiga matatu, moshi unautafuta mlango na kuukosa, mpaka kifua chake kikaanza kupiga filimbi akipanda kamlima ka kutoka kisimani. Daktari wa hospitali ya Iguhu akamwambia wazi, mama, achana na moshi. Kaka yangu Ayub, ambaye anafanya kazi Mombasa, akamjengea nyumba yenye jiko ndani, gesi, sinki na maji ya tangi. Mama alishukuru, akaomba, akalia, halafu akatoka nje akawasha kuni.

"Huko ndani naona kama niko kwa wenyewe," alisema.

Wakati huo kaunta haikuwepo, ni matofali tu na ubao. Ayub akanipigia simu. "Khasandi, wewe ndiye unajua mambo ya urembo. Chagua jiwe la kuweka juu, jikoni na bafuni. Lakini chagua kitu kitamfanya Mama aingie na akae. Kifua chake nimekuachia wewe."

Jamani, kifua cha mama, kwa mtu wa kupaka kucha rangi!

Nikaenda kwa muuzaji wa mawe pale mjini, mtu mpole, ndala zake nyeupe kwa vumbi. Akanionyesha graniti, jiwe la kuchimbwa ardhini, jeusi lenye madoa kama kanga. Akanionyesha jiwe la kiwandani, yaani mawe yamesagwa yakakandwa na gundi, rangi ya kijivu kutoka uso mpaka mgongo, nikaliona kama uji uliopoa. Halafu akavuta la tatu. Wee! Nalo lilikuwa la kiwandani, lakini jeupe kama maziwa, na juu yake mishipa imechapwa, ya kijivu na ya dhahabu, inatembea kama mito ukiitazama kutoka angani (sijawahi kupanda ndege, lakini ndivyo nadhani inaonekananga).

"Dada, sikiza kwanza," muuzaji akasema. "Hili limechapwa, na mchoro uko juu tu, kama kitenge. Likikatwa, ubavu ni mweupe. Fundi asikwangue uso. Na sufuria ya moto usiiweke juu hivihivi, ile gundi itaungua."

"Sawa, sawa," nikajibu, na ningeapa nilimsikia. Kumbe kichwani nilikuwa tayari napanga vikombe.

Jiwe lilifika Malinya Jumanne. Sasa nyinyi mnajua Malinya. Watu wa kwetu wamechimba dhahabu tangu enzi za babu zao, hata mama anayeuza mboga akiona jiwe linang'aa barabarani anainama. Wanaume wakilishusha, jirani yetu Mama Violet, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa kanisa, akapita na ndoo yake, akasimama.

"Khasandi, hii inametameta hivi ni dhahabu?"

Hapo ningesema ni rangi, mambo yakaisha. Lakini Mama alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza niliona ameliangalia lile jiwe vizuri, hata ameligusa na kidole. Nikasema, "Ni jiwe lenye mshipa, Mama Violet."

Uongo si uongo. Lakini kwetu, ukisema mshipa, umesema dhahabu. Kufikia Alhamisi kijiji kizima kilijua kwamba kwa Mama Khasandi watu watakuwa wanakatia sukuma wiki juu ya dhahabu.

Mama mwenyewe nilipomwambia habari ya sufuria ya moto alicheka kwa dharau. "Jiwe linaloogopa moto? Mafiga yangu yamekaa motoni tangu nizae Ayub, hayajawahi kulalamika." Akatandika gazeti juu ya jiwe kabla hata halijawekwa mahali pake, kama mtu anayemfunika mgeni aliyelala.

Ijumaa akaja Fundi Wycliffe. Ni fundi mzuri, msimlaumu, lakini maisha yake yote amekata graniti, na graniti unaisugua upendavyo, ndani ni kama nje. Alikata, akapima, akapanga, na kipande kilichobaki akakiweka bafuni chini ya kioo, kila kitu sawasawa. Halafu akanigeukia akiwa ameishika grainda.

"Dada, huu ukingo wa mbele niuache hivi ama niuzungushe?"

Kule kwenye simu majiko yote yana ukingo wa mviringo.

"Zungusha," nikasema.

Ngrrriiiii! Vumbi jeupe likajaa, fundi akiwa na barakoa na mimi nimetoka nje nimeziba pua na leso, nafurahi kama bibi harusi. Sauti ikakoma. Nikaingia.

Mishipa yangu ilikuwa inatembea vizuri kutoka ukutani, inakuja, inakuja, halafu vidole viwili kabla ya ukingo inakatika. Tap! Mbele yote, kutoka kwenye gesi mpaka kwenye sinki, ni utepe mweupe mtupu, kama kichwa cha mtu aliyenyolewa akiwa amelala.

"Woi," Fundi Wycliffe akasema polepole. "Graniti haifanyangi hivi."

"Rudisha," nikamwambia.

"Nirudishe nini, dada? Imeshakuwa vumbi. Uko nayo kwa nywele."

Na Jumamosi, yaani kesho yake, ndiyo ilikuwa siku ya maombi ya nyumba. Mama alikuwa amewaahidi kina mama kwamba siku hiyo atapika ndani. Aliahidi mwenyewe, kwa mdomo wake, sikumlazimisha! Nikamwona kichwani mwangu anawaingiza wenzake, wanautazama ule utepe, mmoja anaguna, na Mama anachukua mwiko wake anarudi kwenye moshi na hatoki tena. Jioni ile nikalitandika lile gazeti lake mpaka ukingoni, asiuone. Basi nikafanya kitu ambacho mtu mwenye mkono mtulivu anakifanya akichanganyikiwa. Jumamosi asubuhi, Mama akiwa ameenda kutafuta ingokho, kuku wa tatu wa wageni, nikafungua mkoba wangu wa kazi, nikapiga magoti mbele ya kaunta, na nikaendeleza ile mishipa kwa rangi ya kucha. Ya kijivu, halafu ya dhahabu, halafu ile yenye vumbi la kumetameta. Tabaka tatu. Nikaishusha mpaka ubavuni, na haki ya Mungu ilipendeza, hata aliyeitengeneza kiwandani angeniajiri.

Nilisahau tu sheria ninayowaambia wateja kila siku, kwamba ukipaka nene, juu inakauka na ndani inabaki mbichi, kama obusuma, ugali wetu, ulioharakishwa.

Saa nane kina mama wakafika, kumi na wawili, wamevaa sare zao, gauni jeupe pe na kitambaa cha buluu kichwani. Nyuma yao, bila kualikwa, akaja khotsa Muhati, yaani ndugu ya Mama, ambaye amezeekea kwenye mashimo ya dhahabu na alikuwa amesikia habari. Wote wakasongamana jikoni, gesi inawaka, kuku wanachemka, joto kama la tanuri. Mama Violet akasema tuombe. Kwa vile nafasi haikutosha, kina mama wakarudi nyuma, wakaegemea. Wakaegemea wapi? Kaunta.

Na Mama Violet haombangi fupi. Aliombea mlango, akaombea dirisha, akaombea bomba, akamwombea Ayub na mwajiri wake. Mimi nilifungua jicho moja, nikaona jinsi wanavyolikandamiza lile jiwe, nikaanza kuomba maombi yangu mwenyewe.

"Amina!"

Wakageuka kwenda sebuleni. Na khotsa Muhati, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, akatoa macho.

"Wee! Wamama, mmekalia wapi?"

Kila gauni jeupe, hapo nyuma, lilikuwa na mshipa. Wengine mmoja, wengine miwili, Mama Violet kwa upana wake alikuwa na mitatu, na inametameta. Wakaanza kuzungushana, huyu anamtazama yule, "wewe pia!", "hata wewe!", na mmoja anapiga kelele kwamba ni muujiza, huku mimi nimesimama kwenye kona kama fahali aliyeshindwa uwanjani, natafuta pa kutokea.

Khotsa hakushughulika na magauni. Alienda moja kwa moja kwenye jiwe, akachuchumaa, akakwaruza ubavu na ukucha, akanusa.

"Mpwa wangu," akasema, bila hata kuniangalia, "mimi nimefuata mshipa chini ya ardhi mpaka nikapotea. Mshipa wa kweli unaingia ndani ya jiwe. Huu wako umelala juu kama paka kwenye gunia. Na unanuka saluni."

Mama akaja, akapitisha kidole kwenye ukingo, kikatoka na dhahabu. Akakitazama, akanitazama.

"Khasandi. Hii ni rangi ya kucha?"

"Ni rangi ya kucha, Mama."

Nikasema yote mbele ya watu, kwamba nilionywa dukani nikaitikia bila kusikia, kwamba ni mimi niliyesema zungusha, kwamba sikutaka aone utepe ule akarudi kwenye moshi, na hapo nilipofika kwenye kifua chake nikalia kama mtoto, na kamasi juu.

Mama aligeuka. Alitoka. Kupitia dirishani nilimwona anavuka uwanja, anainama kwenye ule mlango mfupi wa jiko la nje, anapotea ndani. Nikasema moyoni, Ayub, nisamehe.

Alirudi na kikapu cha vitunguu kwapani, kisu chake kilicholika, na mwiko mweusi tititi kwa masizi. Akatupa lile gazeti chini. Akaviweka vyote juu ya kaunta, pu! Masizi yakachafua mpaka kwenye ile mishipa mizuri ya juu.

"Jana nilikuwa naogopa hata kuweka kijiko hapa," akasema. "Lilikuwa jiwe la watu. Sasa limeona aibu kama sisi, tunaweza kuzoeana. Nani atanipimia unga?"

Khotsa ndiye alianza kucheka, halafu Mama Violet, halafu jiko zima. Mama alisonga obusuma hapohapo ndani, na akiipua sufuria akaitafutia kibao cha kuwekea, bila kukumbushwa. Na mimi? Mimi nilitoa pamba na dawa ya kutolea rangi, kina mama wakapiga foleni sebuleni wakiwa wamenipa mgongo, na nikapiga magoti nyuma ya kila mmoja nikisugua.

"Polepole, mwana wanje, mwanangu," Mama Violet akaniambia ilipofika zamu yake, "hapo ni shamba la mzee."

Rangi nyingine haikutoka kabisa. Hata sasa, wakisimama kuimba kanisani, jua likipita dirishani kuna wawili watatu wanaometameta, na hawakasiriki, wananikonyeza tu. Ule ukingo nao tuliuacha mweupe. Nimeapa sitachagua tena jiwe kwa uso wake. Mteja akiniambia anajenga, kabla sijamshika kucha namwambia aligeuze, alitazame ubavu, aulize ndani kuna nini, na muuzaji akisema neno amsikilize mpaka mwisho, vikombe atapanga baadaye.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani, Mama akiwa shambani, nikakusanya nguo zake nizifue. Nilipofika kwenye kitambaa chake cha kichwa, kabla sijakitumbukiza majini, nikakiweka puani. Kilinuka vitunguu na mafuta ya nazi. Nikakinusa upande wa pili pia, nikautafuta moshi hadi kwenye pindo, nikaukosa, halafu nikakitia kwenye povu.