Siku Nilipoapa Sitarudi Kenya ili Nipate Mbuzi wa Mahari

Wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja kabla sijaanza: ukicheka, cheka ukiwa upande wangu. Naitwa Mulwa, ni dereva wa familia moja Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, na aibu nitakayokusimulia ilishuhudiwa na wazee saba, chifu mmoja, mchumba wangu, mama yake, na wanaume watatu waliovaa makoti kwenye chumba kisicho na hewa. Nimejaribu kuwaambia watu kwamba siku hiyo mtandao ulikuwa mbaya na maneno hayakusikika vizuri. Yalisikika vizuri sana.

Ugonjwa wangu ni kwamba napenda kueleza mambo. Nikielewa kitu asubuhi, kufikia adhuhuri nimeshapata mwanafunzi. Sasa Ijumaa moja nilikuwa Batha, mtaa wa soko hapa Riyadh, kwenye foleni ya kutuma pesa nyumbani, akatokea Mkenya mwenzetu mwenye tai akigawa vikaratasi vya kampuni moja ya pensheni ya kule Nairobi, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu nikakisoma changu mara tatu, nikafika mbele nikiwa nimeshakuwa mtaalamu.

Nikueleze kama nilivyowaeleza wengine, maana maelezo hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa mimi. Mtu anayetaka pesa yake izae ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni akaunti ya pensheni: unaweka kila mwezi, inazaa polepole, na kwa mkataba wangu huigusi mpaka ufike miaka hamsini. Ya pili ni akaunti ya kawaida kwa dalali wa hisa: unanunua hisa au hati za serikali, siku ukitaka pesa unauza, na baada ya siku chache iko benki, ila gawio, yaani sehemu yako ya faida ya kampuni, likiingia serikali inamega kidogo. Ile ya kwanza ina kitu kinaitwa nafuu ya kodi, yaani unachoweka kule hakihesabiwi unapokatwa kodi ya mshahara. Nafuu ya kodi! Nilirudi Al-Naseem nikiyatamka maneno hayo peke yangu kwenye gari (gari la madam, mama mwenye nyumba ninakoendesha, lakini lilikuwa tupu), na wiki hiyo hiyo nikahamishia kila kitu huko. Kila kitu. Sikubakisha hata ya kiatu.

Shule zikifungwa, familia ninayoiendeshea huhamia Jeddah kwa wiki kadhaa, na mimi nikiwa Jeddah kijiwe changu ni chumba kimoja mtaa wa Al-Mahjar wanakoishi rafiki zangu watatu. Barasa ni mlinzi wa ghala, na Otieno na Kariuki wanapakia mizigo. Huko ndiko nilifungua shule. Otieno na Kariuki walinisikiliza kwa heshima, wakanifuata, wakafungua akaunti za pensheni. Barasa yeye alikuwa na akaunti yake ya hisa tangu zamani na hakutaka kusikia.

"Barasa, wewe unalipa kodi kwa hiari yako?" nilimuuliza mbele ya wenzake, kumwaibisha kidogo.

"Mwalimu," akasema (ndivyo walivyoniita, na nilipenda), "mimi naweka mahali mkono wangu unafika."

"Mkono unaofika ndio unaoiba."

"Basi niache nijiibie, ndugu. Si ni vyangu?"

Nilimhurumia kweli. Nilisema kimoyomoyo, huyu atazeeka vibaya.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyonigeukia. Nina mchumba, anaitwa Mumbua, wa kule kwetu Ukambani. Nilipoondoka nilimwambia baba yake, Mzee Nzioki, kwamba nakwenda mkataba mmoja tu. Ikawa miwili. Nilipokuwa katikati ya wa tatu mzee akanipigia, na mzee huyu si mtu wa kupoteza salio.

"Mulwa, mimi sina neno na wewe. Lakini kuna mwalimu hapa karibu na soko ameuliza habari za Mumbua, na tofauti yenu ni kwamba yeye huonekana. Lete ntheo kabla ya mwezi kuisha, au niache nimjibu mtu wa watu."

Ntheo ni mbuzi wa kufunga uchumba. Kwetu bila hao mbuzi huna mke, una rafiki tu. Nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba hakuna shida, mzee, pesa zipo. Na kweli zilikuwepo. Nikapiga simu kwa kampuni ya pensheni.

"Kaka, una miaka mingapi?" dada wa huko akaniuliza.

"Thelathini na minne."

"Sawa. Utupigie ukifika hamsini."

Nilimbembeleza mpaka akanisomea masharti. Mtu anaweza kutoa mapema kwa sababu mbili: akiugua asiweze tena kufanya kazi, au akihama Kenya moja kwa moja. Ugonjwa niliuogopa, maana ugonjwa wa kusingizia hujua njia ya kuja. Kuhama je? Nikajiangalia. Niko Saudia, nina ikama, kibali cha kukaa, mfukoni, nina kafili anayenidhamini, sijakanyaga Kenya miaka mingapi? Nikajiambia, Mulwa, wewe karibu umehama, unachelewa tu kusema. Nikachapisha fomu na kuijaza nikiwa nimekaa nje ya saluni nikimngoja madam, na ilikuwa na sentensi hii hasa: naapa kwamba nimeihama Kenya na sina nia ya kurudi. Nikatia saini. Uamuzi mdogo, wa dakika mbili, kalamu yenyewe nilikopa kwa mlinzi wa saluni.

Fomu ilitaka muhuri wa chifu wa nyumbani. Chifu wetu ni kaka wa mama yake Mumbua. (Ndiyo, nilijua. Usiniangalie hivyo.) Nilijiambia chifu gani husoma barua, chifu hupiga muhuri na kusema mwingine aingie. Nilisahau kwamba huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuvaa kofia ya serikali, na mtu wa namna hiyo hata pakiti ya unga huisoma mpaka mwisho akitafuta makosa. Nikaipiga picha, nikamtumia kaka yangu Kimeu aichapishe na kumpelekea. Baada ya siku mbili Kimeu akaniambia, "Chifu hana shida. Amesema ataileta mwenyewe Ijumaa, kwa kina Mumbua."

Nilifurahi! Nilidhani ni mapenzi ya mjomba kwa mkwe.

Ijumaa ikafika, nikiwa Jeddah. Mpango ulikuwa Kimeu na wazee wetu wafike kwa Mzee Nzioki, mimi nitokee kwenye simu, niseme pesa ya mbuzi iko njiani, wazee wakubaliane, halas, yaishe. Barasa akasema haiwezekani bwana harusi aonekane peke yake kama mtu wa jela, lazima nizungukwe na watu wazima wenye heshima. Basi wakavaa makoti. Otieno na Kariuki walikopa jirani, na Barasa akavaa koti lake la kazi la ulinzi, akageuza ile nembo ya mkononi ndani. Kipoza hewa tukakizima kwa sababu kinanguruma, na Jeddah mchana, bila kipoza hewa, ndani ya koti, ni habari ambayo sina haja ya kukueleza. Tulikaa kitandani wanne tumenyooka, jasho linashuka, simu imeegemezwa kwenye sufuria.

Nyumbani mambo yalianza vizuri. Sala, salamu, soda. Mzee Nzioki akauliza kama mkwe yuko tayari, nikasema niko tayari, nikaanza hata kueleza kidogo umuhimu wa kuweka akiba. Ndipo Chifu akainuka, akavaa miwani, akatoa karatasi kwenye koti.

"Kabla hatujala mbuzi wa mtu," akasema, "nina swali la kiserikali. Nimeletewa hati ya kiapo. Nitaisoma."

Akaisoma. Yote, pamoja na nambari ya fomu. Alipofika kwenye "sina nia ya kurudi" akarudia, polepole, kama anayesomea darasa la pili imla. Nilimwona Mumbua nyuma ya mlango wa jikoni akiwa na sinia ya vikombe, na sinia ile haikwenda mbele wala nyuma.

"Mulwa," Mzee Nzioki akasema, "hii saini ni yako?"

"Ni yangu, mzee, lakini..."

"Hakuna lakini," Chifu akasema. "Mambo ni mawili. Kama umeapa kweli, wewe ni mhamiaji, na hatuozi binti kwa mtu asiyerudi. Kama umeapa uongo, wewe ni mwongo. Chagua."

Na hapo, ndugu yangu, wakati hasa nafungua mdomo, simu ya madam ikaingia. Picha ya nyumbani ikaganda, ikapotea.

"Mulwa! Wewe wapi? Yalla, gari! Watoto wanataka kwenda baharini!"

"Madam, dakika kumi, tafadhali, nakuja."

"Kumi? Mafi kumi! Tano!"

Kule nyumbani (Kimeu alinisimulia baadaye) walingoja, wakatazama kioo cheusi, na mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasema, "Amehama tena."

Niliporudi hewani walikuwa bado wanacheka, ila si wote. Mzee Nzioki hakucheka. Na sasa Mumbua alikuwa ameshika simu yeye mwenyewe, uso wake umejaa kioo chote.

"Sikuulizi habari za mbuzi," akasema. "Nakuuliza wewe. Unarudi au hurudi?"

"Narudi."

"Basi mwambie Mjomba wewe ni nani."

Akamgeuzia Chifu simu. Nikasimama, sijui kwa nini, na wale watatu wakasimama pia na makoti yao, wote tunalowa kama watu waliotolewa kisimani, nikasema kwa sauti:

"Chifu, mimi ni mwongo."

Kisha Chifu akapindua karatasi, akaikunja mara nne na kuirudisha mfukoni. "Vizuri," akasema. "Mwongo tunaweza kumfanyia kazi. Ongeza mbuzi mmoja wa kiapo."

Ningenyamaza hapo ningekuwa salama. Lakini Mzee Nzioki akauliza ni nani aliyefunga pesa zangu hivyo, na ule ugonjwa wangu ukaniamka. Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa upole, pensheni na hisa, gawio, nafuu ya kodi, mpaka wazee wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mama yake Mumbua akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mama anayetaka kuelewa:

"Na huko Saudia, mwanangu, mshahara wenu wanakata kodi kiasi gani?"

"Hatukatwi, mama."

"Na hapa Kenya una mshahara?"

"Sina, mama."

"Sasa hiyo nafuu, ni nafuu ya nini?"

Nilihisi vichwa viwili vikigeuka taratibu kunitazama, Otieno kushoto na Kariuki kulia.

"Mwalimu," Otieno akasema, "hebu mjibu mama. Na sisi tusikie."

Barasa hakucheka. Hilo nitamheshimia mpaka nife. Aliinama karibu na simu, akajitambulisha kwa wazee, akasema ana hisa zake kidogo, ataziuza Jumatatu soko likifunguliwa, na ndani ya wiki mbuzi watakuwa wamelipiwa, deni litakuwa kati yake na mimi. (Akanikanyaga mguu aliposema deni.) Mzee Nzioki akafikiri, akasema anakubali kwa sharti moja: mbuzi hao nitawafikisha mimi mwenyewe, kwa mkono, nikiwa nimesimama uani kwake, mwezi wa likizo yangu. Mpaka siku hiyo mwalimu wa sokoni ataambiwa asubiri.

"Asubiri?" nikauliza.

"Ndiyo. Na wewe fanya haraka. Yeye huonekana."

Nilimfikia madam nikiwa nimechelewa dakika ishirini na mbili, nimelowa shati zima. Akaniuliza nimetoka kuogelea bila watoto? Nikasema ndiyo madam, maana uongo mmoja zaidi siku hiyo usingenivunja.

Nimeomba likizo, baba mwenye nyumba ameshasaini, tiketi ninayo. Pensheni yangu iko palepale na itabaki palepale miaka kumi na sita, nami sina chuki nayo, kwa sababu uzee utakuja na ni vizuri ukute kitu. Kwa mtu anayekatwa kodi nyumbani kila mwezi, nafuu ile ni ya kweli kabisa, achukue kwa mikono miwili. Kosa langu lilikuwa kununua dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao, halafu nikawaandikia na wenzangu. Otieno na Kariuki nimewaomba radhi. Tumekaa pamoja tukagawanya upya: ya uzeeni kidogo kidogo inaendelea pensheni, na inayobaki yote inakwenda akaunti ya hisa, ambako gawio linamegwa kodi lakini mkono unafika. Sasa wananiita Mhamiaji. Mwalimu ni Barasa.

Nawe kama una fomu mbele yako, fanya hivi. Chukua karatasi, andika kazi ambayo pesa hiyo itafanya, iwe ada, kiwanja, mahari au uzee, na mbele ya kila moja andika mwaka utakapoihitaji. Kisha piga simu kwa kampuni uulize mambo mawili: nitaweza kutoa mwaka gani, na nafuu hii inapunguza kodi ipi ninayolipa mimi. Yoyote ambayo mwaka wake unakuja kabla ya mwaka waliokutajia, usiifungie humo. Iweke kwenye akaunti unayoweza kuuza na kutoa, ndipo utie saini kwa ile iliyobaki.