Joseph mwenye tai

Juzi, nikipanga vitu vya marehemu papa, baba yangu, niliiona tena ile picha ya kijana mwenye tai shingoni. Nyuma yake imeandikwa jina moja tu: Joseph.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa mutoto. Ilikuwa ndani ya valizi ya nguo, imefungwa katika gazeti lililonuka naftalini. Mvua ilipiga mabati, na maman alikuwa anakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Masikio ya yule kijana yalikuwa ya papa kabisa. Lakini papa aliitwa Mushagalusha, alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, na kwetu hapakuwa na tai hata moja.

"Maman, huyu Joseph iko wapi?"

Maman alifunga dirisha kwanza. "Haiko tena. Usitaje ile jina kwa watu."

Basi nikaelewa: ni ndugu ya papa, alikufa. Jioni, kwenye rozari, nikasema kwa sauti: "Tuiombee na roho ya tonton Joseph, ipumzike kwa amani."

Maman aliinamisha kichwa. Papa akasema polepole: "Amina."

Leo najua kwamba serikali ilikuwa imekataza tai na majina ya ubatizo, na kila mtu alilazimika kuchukua jina la kienyeji. Wakati ule sikujua. Kila jioni nilimuombea marehemu Joseph, na kila jioni Joseph mwenyewe aliitika.