Moto Kibogoyo

Capitoline alikuwa amechoka tangu Majilio yaanze. Uchovu wake ungepakiwa kwenye lori la Bukavu, lori lingeukataa mlima wa Ngomo. Mchana alifufua taa za sola sokoni Mulongwe. Jioni aliunga vibalbu kwenye kreshi, pango la Noeli kanisani, macho yakimwasha, vidole vimeungua kwa lehemu.

Zamani kreshi ile iliwashwa kwa moto wa ukutani, yaani umeme wa mtaa. Noeli moja watoto waliingia wamelowa mvua, kugusa miguu ya Mtoto Yesu kama ilivyo desturi. Katekista Ngendakumana alipowasogeza, moto ukamng'ata, akasema Kilatini wiki nzima, yeye ambaye hata Kifaransa kilimkimbia. Tangu hapo Capitoline hakutaka ila batri ya pikipiki: volti kumi na mbili, hesabu ya mitume.

"Moto ya ukuta iko na meno," alisema. "Hii yangu ni kibogoyo. Inaangaza, haiume."

Mkesha huu mvua ilimwagika tena, na batri, iliyozeeka kama mwenye nayo, ikaanza kufifia misa ikiwa katikati. Mara moto wa ukutani, uliokatika tangu mchana, ukarudi mtaani. Vigelegele! Pudentienne, mkubwa wa kwaya, mama wa sauti ya kuamsha viboko wa mto Ruzizi, akaja na njiti mbili za kiberiti, tayari kubana nyaya tupu ndani ya prizi ya ukutani.

"Mama Capitoline, leta hiyo waya! Yesu azaliwe mu giza, na moto iko?"

"Acha, dada. Majani ya kreshi ni makavu, na watoto wamelowa."

"Weye unaogopa hata kivuli yako!"

Capitoline hakuwa na nguvu za kubishana. Akachomoa taa za malaika wote, akabakiza ya Mtoto peke yake, ili batri ifike mwisho wa misa.

"Malaika wangu!" Pudentienne akalia.

"Waende kulala. Ningeweza, ningewafuata."

Watoto wakamiminika, maji yakiwachuruzika. Pudentienne akasukumwa, akateleza, akadaka waya wa taa ya Mtoto kwa mikono miwili iliyolowa.

"Yesu wangu, nakufa!"

Akafumba macho, akaaga jamaa zake mmoja mmoja, mpaka wale wa Luberizi. Capitoline akamsubiri amalize.

"Umeisha kufa? Basi achia waya, unafungia watoto njia."

Pudentienne akaachia. Taa ya Mtoto ikaendelea kuwaka, ndogo, ya njano. Capitoline akajiegemeza kwa ng'ombe wa udongo, usingizi ukamchukua, na wimbo wa mwisho hakuusikia.