Aliyeng'oa Mikonge ya Bibi

Nilipokuwa mtoto pale Masanze, hakuna aliyenizidi kuhubiri, hata mwinjilisti wetu. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, lakini habari za nabii Nahumu nilizijua kama njia ya kisimani. Bibi mzaa mama alinisimulia tukipalilia: Ninawi, mji ulioishi kwa kupora mataifa, Mungu akauhukumu, na maji yakashiriki kuubomoa.

Bibi alikuwa mjane, na shamba la bondeni ndilo lililotulisha. Mwaka huo bwana mmoja mwenye trekta, tuliyemwita Mkoloni, alituma vijana wenye marungu wakang'oa mikonge yetu ya mpaka, akalima hadi ndani ya shamba letu. Wazee wa pale, Waislamu kwa Wakristo, waliamini kwamba ang'oaye mkonge wa mpaka, mto humtafuta.

Bibi alimfuata kwake, nami nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rudisha mikonge yangu, baba. Mto utakutafuta."

"Mto hauna macho, mama. Mimi nina trekta."

"Watu wa Ninawi nao walikuwa na magari ya vita."

Masika mto ulifurika. Trekta la Mkoloni lilizama hadi usukani. Nikisimulia vijiweni mjini Mikumi huwa nasema hadi bomba la moshi. Siku hiyo nilipanda kichuguu kutangaza kuwa Ninawi imeanguka.

"Shuka," bibi akasema. "Peleka uji huu kwa watoto wake. Nyumba yao imejaa maji."

"Lakini bibi, si ndiyo hukumu hiyo?"

"Hukumu ni ya Mungu. Wewe amekuajiri lini?"

Maji yalipopungua, bibi aliingia topeni na miche ya mkonge, akaanza kupanda mpaka upya. Wale vijana wa marungu walisimama ng'ambo wakimtazama. Hakuinua kichwa.

"Bibi, wakirudi je?"

"Huenda wakarudi. Shika mche."

Siku hizi vijiweni watu huniuliza mataifa gani yenye mabomu yataanguka, na lini. Tarehe sina, ingawa kutunga naweza. Hata ule mto, kama ulitumwa au ulijaa tu, siapi. Ila Nahumu namwelewa kuliko wengi: maneno yake hayakupelekwa Ninawi. Yalipelekwa kwa waliokanyagwa, wajue Mungu ameona, wasikimbie kilicho chao.

Shamba la bondeni sasa ni langu. Kuna mwingine ameanza kulitolea macho, na watu wake wamekwisha kuja mara moja kunitisha. Walinikuta nikilima. Niliwaitikia shikamoo yao, nikaendelea.