Mifuko Mitupu

Wateja walimwita Mama Madoa, na jina hilo alilivaa kwa madaha. Miaka ishirini na mbili alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la dobi, kati ya mashine mbili za kufulia na meza ya kupigia pasi, na doa lililomshinda kulitambua lilikuwa halijazaliwa. Chai, damu, kutu, mafuta ya nywele: alinusa, akagusa kwa ncha ya kidole, halafu akakwambia ulikaa wapi na ulikula nini. Shoga zake walisema ukienda naye shughulini usikae karibu naye, atakukagua kola mpaka ukose hamu ya kula.

Kilichomtia kiburi zaidi ni risiti zake. Kila nguo iliyoletwa aliitandaza kauntani mbele ya mwenyewe, akaigeuza ndani nje, akapekua mifuko yote, akaandika kila alichokiona: kifungo kimelegea, doa la kahawa mkononi, mifuko mitupu. Nakala moja alimpa mteja, nyingine akabaki nayo. Kisha aliandika namba kwenye kipande cha utepe kwa kalamu yake ya alama na kukibana ndani ya nguo. Wino wa kalamu hiyo hautoki kwa maji wala kwa dawa, maana ukitoka tu, nguo za watu zitachanganyika.

Siku mwalimu mstaafu alipoleta koti lake la kitani la rangi ya krimu, mambo yalikwenda hivyohivyo. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha Mama Madoa kusoma na kuandika, darasa la kwanza, na mpaka leo humwita mwanangu. Mifuko ilipekuliwa, risiti ikaandikwa, wakaagana vizuri.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, jamani. Alipoinama kuliingiza koti mashineni, kalamu ya alama ilichomoka kwenye mfuko wa aproni yake ikatumbukia humo humo, naye hakuiona. Alipofungua mlango wa mashine alikuta waa jeusi kifuani mwa koti, pana kama kiganja, na kalamu haina kifuniko. Akaweka kitambaa cheupe chini ya waa, akaligongagonga kwa pamba yenye spiriti kutoka pembeni kuja katikati, taratibu, bila kusugua. Wino wa kalamu ya kawaida ungeanza kuhamia kwenye kitambaa. Huu haukutikisika, na alijua hautatikisika, kwani yeye ndiye aliyeuchagua.

Angekiri siku hiyo, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini jina zuri nalo lina woga wake. Mwalimu alipofika kuchukua koti, wateja wengine wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakisikiliza, na maneno yakamtoka Mama Madoa kabla hajayapima.

"Mwalimu, uliacha kalamu mfukoni."

Mzee alilitazama koti kwa muda mrefu. Akajipapasa kifuani kana kwamba kalamu ingali hapo. Kisha akaomba radhi, yeye, mzee wa watu, akauliza kama hajaharibu na nguo za wengine. Mama Madoa akamwambia hapana, koti lilifuliwa peke yake, na hilo ndilo neno pekee la kweli alilompa siku hiyo. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Hata hivyo akajikaza kisabuni, akamfungia koti kwenye karatasi vizuri kabisa, eti anamfariji.

Wiki tatu baadaye akaja binti wa mwalimu na mapazia ya nyumba nzima. Alisema yafuliwe, nyumba inapangishwa, baba anahamia kwake. Miaka miwili walikuwa wakivutana, mzee akishikilia kwamba akili zake ni timamu na anaweza kuishi peke yake. Sasa amekubali mwenyewe na kumkabidhi funguo.

"Ni ile kalamu," binti alisema. "Anasema mtu asiyejua kilichomo mfukoni mwake hafai kuachiwa jiko la gesi."

Mama Madoa aliyapokea mapazia na kuandika risiti. Siku mbili zilizofuata, kila mfuko aliopekua ulimsuta. Siku ya tatu asubuhi alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa, akaenda.

Alimkuta mwalimu akipanga vitabu kwenye maboksi, binti yake akifunga kamba. Hata shikamoo ilimtoka kwa taabu. Alionyeshwa kiti, hakukaa.

"Kalamu ilikuwa yangu, Mwalimu. Wewe hukuacha kitu. Nilikusingizia."

Binti akaiacha kamba. Mzee alifungua kitabu kimoja, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akampa. Ilikuwa risiti, kwa mwandiko ule ule aliomfundisha yeye: koti moja, kitani, mifuko mitupu.

"Nimeisoma kila siku," mzee alisema. "Nikadhani sasa hata macho yananidanganya. Maana wewe, mwanangu, usingenidanganya."

Afadhali angempiga kofi. Mama Madoa alitamani ardhi ipasuke immeze, nayo ardhi ikatulia tuli. Binti ndiye aliyemsema, tena akamsema mpaka sauti ikakauka, naye hakujitetea. Kisha binti akatoa funguo kwenye mkoba, akaziweka mezani mbele ya baba yake, akaanza kufungua maboksi. Mapazia yalipokuwa tayari Mama Madoa aliyapeleka na kuyatundika mwenyewe, dirisha kwa dirisha. Hakuna aliyemwambia asante, wala hakuitarajia.

Mwalimu bado humletea nguo. Alisema yamekwisha, na Mama Madoa anaamini yamekwisha. Lakini siku hizi mzee akifika kauntani hangoji kupekuliwa. Huitoa mifuko nje mwenyewe, mmoja mmoja, akaipapasa mpaka kwenye mshono, halafu akauliza, "Mitupu, sivyo, mwanangu?" Mama Madoa hujibu kwamba ni mitupu, macho yake chini, na kuandika risiti. Mzee huisoma mara mbili kabla ya kuondoka.