Wimbo wa Saba Haujatokea

"Mimi siimbi kitu ambacho hakijatokea. Wengine wanatunga, mimi natoa taarifa."

Dada yangu aliyasema hayo kwenye maiki, mbele ya watu arobaini, ishirini kati yao wakiwa wameingia ukumbini kukimbia mvua. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye nyaya, na nilipiga kuliko wote, maana sikujua kauli ile itakuja kutung'ata.

Watu wanamwita Shoti. Si kwa kimo, ni mrefu kama nguzo. Siku ya kwanza alipopanda jukwaani na gitaa lake alisababisha shoti ya umeme iliyozima ukumbi mzima na duka la dawa la jirani. Anapiga roki, muziki ambao shangazi anauita "kelele zenye majonzi." Mchana ni fundi katika duka la fremu za picha: anakata vioo, anaunga mbao, anafuta alama za vidole juu ya nyuso za watu. Fremu za harusi huagizwa wiki nzima kabla. Fremu nyeusi, za picha za marehemu, huagizwa siku yoyote, na wanaoziagiza wana haraka. "Kesho saa nne tunatoka nyumbani," husema, na sentensi hawaimalizi.

Kazi hiyo ndiyo iliyouzaa wimbo wa saba.

Albamu ilikuwa na nyimbo tisa. Tulikuwa tunairekodi chumbani kwake, yeye amesimama ndani ya kabati la nguo ili sauti isigonge kuta, mimi nje na kompyuta inayokohoa. Stashahada yangu ya umeme iliishia nusu, lakini nusu hiyo inatosha kubonyeza kitufe chekundu. Wimbo wa pili ulihusu ngazi ya nyumba yetu iliyooza. Wiki mbili baada ya kuurekodi, ngazi ikakatika na jirani akateguka kifundo cha mguu. Wimbo wa tano ulihusu kioo kinachopasuka bila kuguswa. Sijui lilikuwa joto au nini, ila asubuhi moja kioo kikubwa cha duka lao kikasema paa, na hapakuwa na mtu karibu.

Nikaleta utani, kama kawaida yangu. "Dada, siku hizi hutoi taarifa, unatoa amri. Nakuomba usiniimbe."

Alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akachungulia kutoka kabatini, mkono wa koti umemlalia begani kama mtu anayemfariji.

"Na wa saba?"

Wimbo wa saba ulimzika mama.

Mama yetu alikuwa hai, tena hai kwa fujo. Ni fundi cherehani, miaka thelathini anashona sare za shule, na mdomo wake una makali kuliko mkasi wake. Shoti alikuwa amemwimba amelala chali, kavaa gauni la kijani, "pindo limefumuka, uzi unaburuza, nani atamshonea mshonaji?" Niliposikia mstari huo mara ya kwanza nilijifanya natafuta waya chini ya meza.

Siku tatu baada ya utani wangu, mama alituita jikoni akavua skafu. Shingoni alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau.

"Nilikuwa naufunika," alisema, kama anayezungumzia sufuria. "Daktari anasema utolewe Alhamisi ijayo. Umekaa karibu na mshipa mbaya. Nani anataka chai?"

Hakuna aliyetaka chai. Shoti alikuwa ananitazama mimi.

Maneno huumba, tumeambiwa tangu utotoni. Yeye alikuwa ameumba kwa gitaa na mwangwi juu. "Ufute," aliniambia siku ile ile. Nikaweka kidole kwenye kitufe. "Acha!" Akanidaka mkono, vidole vyake baridi kama vioo vya dukani. "Kama kuuimba kumeleta uvimbe, kuufuta kutamfuta nani?"

Nikakiondoa kidole kwenye kitufe.

Basi wimbo ukakaa pale, haufutwi wala haumaliziki, na albamu nzima ikakaa nao. Shoti hakugusa gitaa. Nyumbani alikuwa akisikiliza cherehani ya mama kama watu wengine wanavyosikiliza mapigo ya moyo. Ikinyamaza tu, yuko mlangoni.

"Mama?"

"Nabadilisha uzi, mwanangu. Au niombe kibali?"

Jumanne mchana mama akatokea dukani kwao. Mimi nilikuwepo, maana asiye na kazi huwepo kila mahali. Akatoa bahasha kwenye mkoba, na ndani ya bahasha picha yake, amecheka, meno yote nje.

"Nitengenezee fremu."

Shoti akarudi nyuma hatua moja. Asubuhi hiyo alikuwa ameshafunga fremu nyeusi mbili. "Hatuna fremu, mama."

Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa fremu.

"Nimezaa fundi au nimezaa mwongo? Nataka iwe tayari, liwalo na liwe. Nawajua nyie, mtaniwekea ile ya kitambulisho, niliyotoka kama mwizi wa kuku."

Hapo dada yangu akapasuka. Akalia juu ya kaunta, akasema yote: wimbo, ngazi, kioo, limau. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono kwangu. "Lete huo wimbo."

Nikampa simu na visikilizio. Dakika nne. Hatukuweza kusikia chochote, tuliona tu kidole chake kikipigapiga kaunta, na mahali fulani katikati kikaacha. Shoti alikuwa ameng'ang'ania meza. Mama akavua visikilizio.

"Umenivalisha gauni limefumuka pindo?"

"Ni ushairi, mama."

"Ushairi wako! Miaka thelathini nashona, leo nizikwe uzi unaburuza, wateja wangu wamesimama wanatazama? Huyo si mimi. Huyo ni mama wa mtu mwingine, masikini, Mungu amrehemu." Akamfuta machozi kwa ncha ya skafu. "Si ulitangaza kwamba huimbi kisichotokea? Basi hapa umekosea. Na usirekebishe hata neno moja. Liache hilo kosa lako hapo hapo, linanilinda."

Tukarudi nyumbani tunapumua. Alhamisi mama alikwenda hospitali na gauni la zambarau, pindo limeshonwa mara mbili. Alinionyesha kabisa.

Lakini hospitalini hukai na nguo zako.

Saa tatu mlango ulifunguka, muuguzi akamtoa mama kwenye kitanda cha magurudumu kuelekea chumba cha upasuaji. Walikuwa wamemvalisha gauni la hospitali. La kijani. Na pindo lake lilikuwa limefumuka. Uzi ulining'inia kandoni mwa kitanda, ukiyumba kila gurudumu lilipogonga kigae.

Nilimwona mama akiuona. Mkono wake ukaenda kuudaka, haukufika.

Shoti alikuwa ameshapiga magoti. Kwenye mkoba wa mama, aliokuwa ameubeba yeye, sindano na uzi havikosi.

"Dada, sindano huku hapana," muuguzi alisema. "Zetu zinatosha."

"Dakika moja."

"Daktari anangoja!"

"Dakika moja, dada yangu, nakuomba."

Sijui muuguzi aliona nini usoni mwake, ila alisimama. Dada yangu, mkono wa kukata vioo, akashona pale koridoni, akajichoma mara mbili. Mshono ulikwenda kama siafu waliolewa. Akakata uzi kwa meno. Kitanda kikaingia, mlango ukajifunga.

Tulingoja kwa muda wa saa nne na nusu. Kila mlango ulipolia Shoti alisimama.

Walipoturuhusu kumwona, mama alikuwa na bandeji shingo nzima na sauti kama karatasi inayochanwa. Alikuwa ameshika pindo kati ya vidole viwili, analipapasa.

"Fumua," alinong'ona. "Ushone upya."

Albamu imetoka na nyimbo zake tisa, na wa saba haukubadilishwa neno. Jukwaani Shoti anauruka. Ukimwuliza, anasema kamba ya gitaa imelegea.

Picha aliitengenezea fremu, mama alishikilia. Ila nyumbani tumekataa isitundikwe, na mwenye duka ameiweka dirishani iwe sampuli, mama na meno yake yote, kikaratasi cha bei pembeni. Fremu nyeusi na kioo chake, elfu kumi na nane.