Viatu vya Follow Up

Juzi, nikiwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Bariadi, mama mmoja wa Nkololo alikuja kuulizia pampu ya kisima chao, ambayo mpaka leo haijatengenezwa.

"Tutafanya follow up, mama," afisa akamjibu, kajinyoosha kitini, viatu kavivua.

"Ndiyo nini, mwanangu?"

"Kufuatilia."

"Aa! Kwetu ng'ombe akipotea, anayefuatilia anashika njia, anafuata nyayo. Sijamwona anayefuatilia amekaa."

Mama akainama chini ya meza, akavitoa vile viatu, akavipanga vikitazama mlangoni. Foleni nzima tukacheka, na afisa naye. Akavivaa. Baadaye nikawaona kwenye bodaboda, mama katikati, wanaelekea Nkololo.

Wewe msomaji niliyekuahidi follow up mwezi uliopita, nisamehe. Haya nayaandika nikiwa pekupeku.